Mstari Anaouruka Mume Wangu

Jumapili, 1 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi ni mke wa mtu. Nimeandika sentensi hiyo makusudi nione inavyokaa kwenye karatasi. Inakaa vizuri sana! Bado nikisikia mfuko wake wa bisibisi na koleo ukigongana njiani, moyo unaniruka kama wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

Mume wangu ni fundi umeme. Mrefu, mpole, ana kovu dogo la moto kwenye kidole gumba, nami nalijua kovu hilo kuliko nilivyowahi kuijua ramani ya jiografia. Tunaishi kwa mama yake: sebule, chumba chake, chumba chetu. Kati ya vyumba viwili kuna ukuta, ila ukuta wenyewe haufiki juu. Unaishia usawa wa kichwa cha mume wangu, na kutoka hapo ni hewa tupu mpaka kwenye bati. Nikipiga chafya, Mama mkwe ananiambia "pole" kutoka upande wa pili.

Lakini si kwa muda mrefu. Kabla ya harusi mume wangu aliniahidi: mvua zikiisha, tunahama. Kuna vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, vina mlango wao wenyewe unaofunguka barabarani, rangi ya kijani. Mwenye nyumba, mama mmoja mcheshi tunayesali naye, ametuwekea mpaka mwisho wa Novemba. Ikipita hapo anampa mwingine. Kilichobaki ni mume wangu kumwambia mama yake. Nina hakika atamwambia wiki hii.

Jumatano, 4 Oktoba

Hajamwambia. Mvua.

Jumapili, 8 Oktoba

Mchungaji amenipa darasa la watoto! Jengo jipya la kanisa litafunguliwa Jumapili ya mwisho ya Novemba, na siku hiyo watoto wataigiza uumbaji wa dunia. Mimi nitawafundisha, mume wangu ataweka taa na kusoma maandiko, Mama mkwe na kwaya yake wataimba.

"Familia nzima kwenye kazi ya kuumba ulimwengu," Mchungaji akacheka. "Siku sita zitawatosha?"

"Mungu hakuwa na watoto wa darasa hili," Mama mkwe akamjibu. Kisha akanigeukia. "Na wewe Bi Harusi, kwa kasauti hako? Watakutafuna mbichi."

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanya nini? Mama mkwe alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. Nusu ya kanisa imezaliwa mikononi mwake, Mchungaji mwenyewe akiwemo. Utabishana vipi na mtu aliyekuona kabla hujajiona?

Jumanne, 10 Oktoba

Nimefagia ua asubuhi, nikaona umetakata. Mama mkwe akatoka, akachukua ufagio, akafagia palepale. Naandika tu.

Jumamosi, 14 Oktoba

Mazoezi ya kwanza. Watoto saba wanataka kuwa jua. Hakuna hata mmoja anayetaka kuwa giza. Kabinti kamoja nilikokapa u-giza kalilia mpaka kakawa giza kweli, kamejifunika gauni usoni. Samaki wamepigana na ndege.

Halafu mmoja, mkubwa kidogo, tunamwita Wakili kwa jinsi anavyohoji, akainua mkono. "Mwalimu, nuru imeumbwa siku ya kwanza. Jua limeumbwa siku ya nne. Sasa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, ile nuru ilikuwa inatoka wapi?"

Miaka yote shuleni nimesoma mstari ule na sikuwahi kujiuliza. Nikasema, "Inatoka kwa Mungu mwenyewe." Wakili akasema, "Tutaionyeshaje?"

Mume wangu alikuwa juu ya ngazi anavuta waya. Akashuka bila haraka, akachuchumaa mbele ya Wakili kana kwamba anazungumza na mteja mkubwa. "Nitatundika shuka jeupe ukutani. Nyuma yake nitaficha balbu kumi na mbili. Utaona nuru, lakini hutaona taa. Nuru isiyo na mahali. Jua lako litakuja baadaye, lizunguke tu kama mfanyakazi mwingine."

Jamani! Nuru isiyo na mahali! Niliolewa na fundi, kumbe nimeolewa na mshairi. Nikaona hata Mama mkwe kule kwenye viti vya kwaya amemtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akaangalia pembeni.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimemuuliza: umemwambia? Akasema, "Kesho, mke wangu." Anasema "mke wangu" vizuri mno, nikasahau kukasirika.

Jumapili, 22 Oktoba

Leo nusura tuumbuke.

Tumegundua kwamba mvua ni rafiki yetu. Ikipiga kwenye bati, ule ukuta mfupi unakuwa kama umefika juu, tunaweza kuongea. Leo baada ya chakula cha mchana ikaja ya mawe. Mama mkwe alikuwa amejilaza chumbani kwake. Sisi tukakaa kitandani, tukaanza kuongea mambo ya nyumba. Mvua ikazidi, nasi tukapandisha sauti. Nikampigia kelele kwamba mwenye nyumba ameniuliza tena leo kanisani. Naye akanijibu kwa kelele vilevile, "Nitamwambia! Lakini kwa sasa mama asijue!"

Katikati ya neno "asijue", mvua ikakata. Ghafla, kama mtu amefunga bomba. "...ASIJUE!" likabaki linaning'inia hewani juu ya ukuta.

Tukaganda. Mume wangu alikuwa amefunga macho. Halafu, asante Mungu, kutoka upande wa pili tukasikia mkoromo. Mzito, wa mtu aliyelala fofofo. Nilimng'ata mume wangu shati, Mama mkwe asisikie ninavyocheka.

Nilimuuliza baadaye, kwa kunong'ona, anaogopa nini hasa. "Baba alifariki sijaanza kutembea," akasema. "Ni mimi na yeye tu, tangu hapo. Nitaanzaje? 'Mama, asante kwa yote, kwaheri'?" Nikashika kile kidole gumba chenye kovu.

Jumamosi, 28 Oktoba

Tumefika siku ya sita. Adamu analala, Hawa anatokea nyuma ya pazia, Adamu anafurahi. (Adamu wetu anamwogopa Hawa, inabidi nimsukume.) Mume wangu ana sauti ya kusoma, nzito na tulivu, ukimsikia unaona maji yanagawanyika. Akasoma mpaka pale Adamu anaposema huyu ni mfupa wa mifupa yangu. Mimi nikawa namsubiri kwa hamu, maana mstari unaofuata ndio wangu. Ni ule unaosema ndiyo sababu mwanamume humwacha baba yake na mama yake, akashikamana na mke wake. Nimeupenda tangu tuchumbiane.

Akafunga kitabu. "Na hapo kwaya inaimba," akasema.

Ameuruka.

Jumamosi, 4 Novemba

Ameuruka tena. Nilimwangalia machoni, akajifanya anakagua soketi.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimefagia. Amefagia.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimempigia simu mama yangu mzazi, nimesimama chini ya kibaraza cha duka ili nisisikike. Nikamweleza yote: ukuta, ufagio, mstari. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mkweo amekukosea nini?"

"Anafagia tena nilipofagia!"

"Na amekukosea nini?"

Nikafikiri. Ukweli ni kwamba nilipougua mafua juzi, niliamka nikakuta maji ya moto mlangoni na kitambaa juu yake, na hakuna aliyesema ameyaweka. Nikamwambia hilo pia.

"Basi," mama akasema. "Usimfanye simba mtu ambaye hajakung'ata."

Sawa. Lakini tutahama tu. Nimeshachagua ukuta wa kuweka kitanda.

Jumamosi, 11 Novemba

Ameuruka. Safari hii hata Wakili ameona. "Mjomba, kuna maneno yamebaki," akasema. Mume wangu akamwambia muda hautoshi. Muda! Igizo lina siku sita za Mungu mzima na yeye anabana sentensi moja.

Jambo moja limenishangaza leo. Tulikuwa tunarudia siku ya pili, maji ya juu na maji ya chini, nusu ya watoto wamepanda benchi na nusu wamekaa sakafuni. Kabinti kangu ka giza (sasa kanajivunia, kanawaambia wenzake kenyewe ndiko kalikotangulia) kakasema, "Mwalimu, mbona Mungu anagawa tu? Amegawa nuru na mimi, amegawa maji na maji, amegawa maji na nchi. Haumbi, anatenganisha."

Nikamwambia ndivyo anavyopatia vitu nafasi. Samaki wangeogelea wapi na miti ingeota wapi, kama kila kitu kingebaki kimechanganyika? Nimelijibu kwa haraka tu, lakini limekaa nami siku nzima.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu anashona kola za kwaya. Alisimamisha sindano, akamtazama yule mtoto, akasema, "Huyu nilimpokea mimi. Alitoka amekunja uso hivyohivyo, anauliza."

Jumamosi, 18 Novemba

Mwenye nyumba amenisimamisha sokoni. Kuna watu wengine wamekuja kuviona vyumba. Wamevipenda. "Mimi nawapenda ninyi," akasema, "lakini mwezi ukiisha, mwanangu, umeisha."

Nimerudi nyumbani nimeamua. Kama yeye hawezi, nitasema mimi. Nikamkuta Mama mkwe sebuleni anapiga pasi majoho ya kwaya. Mume wangu yuko kazini, mvua hakuna, wakati mzuri. Nikasimama mbele yake, nikavuta pumzi.

"Mama, kuna neno nataka kukuambia."

Hakuinua uso. "Ni lako au la mume wako?"

Nikababaika. "La... la wote wawili. Zaidi ni lake."

Akageuza joho, akalinyoosha mkono, akapitisha pasi taratibu. "Bi Harusi, nimefanya ukunga maisha yangu yote. Mkunga hasukumi. Anayesukuma ni mwenye uchungu. Ukimsukumia, unamvunja." Akanipa ncha ya joho lingine. "Shika hapo, tukunje."

Tukakunja majoho yote, yeye upande huu, mimi upande ule, tukikutana katikati kila mara, mikono ikigusana. Sijui kama alijua nilichotaka kusema. Haiwezekani ajue. Lakini nilitoka pale sina hasira tena, na mara ya kwanza nimeona kwamba mikono yake inafanana na ya mume wangu. Ni ileile, imezeeka tu.

Jumatano, 22 Novemba

Nimemwambia mume wangu maneno machache: "Sitakusukuma. Ila Jumapili nitakuwa nimesimama pale na watoto, nitausubiri mstari wangu." Akaniangalia kama mtu aliyeshika waya ulio na moto.

Jumamosi, 25 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Ameuruka.

Naamini bado. Naandika hivyo kwa herufi kubwa moyoni: NAAMINI BADO.

Jumapili, 26 Novemba

Nitaandika yote.

Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama milangoni. Madirisha yote tulikuwa tumeyafunika kwa mashuka meusi ili tuanze na giza. Mawingu yalitanda tangu alfajiri. Kwaya ilikuwa upande wa kushoto, Mama mkwe mbele yao, joho limenyooka kama ubao. Mwenye nyumba nilimwona amekaa nyuma kabisa na kofia yake kubwa.

Milango ikafungwa. Giza. Kabinti kangu kakatoka mbele, kakasema kwa sauti ambayo sikujua kanayo, "Mimi ni giza. Nimefunika kila kitu." Watu wakapiga makofi. Mume wangu akasoma utupu na vilindi vya maji. Kisha akasema, "Iwe nuru," akabonyeza swichi.

Hakuna.

Akabonyeza tena. Nikasikia ile "tik" ndogo ninayoijua. Hakuna. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Yeye, fundi, mbele ya kanisa lote, na nuru yake imegoma!

"Iwe nuru," akarudia, kwa unyonge. Mtu mmoja akacheka. Mwingine akasema kwa sauti ya kati, "Mungu hakurudia."

Nilitaka ardhi inimeze, na ardhi yenyewe ilikuwa bado haijaumbwa. Ndipo nikasikia hatua nzito zinapita gizani, na kitambaa kikichanika. Mama mkwe alikuwa amefika kwenye dirisha kubwa, ameshika lile shuka jeusi kwa mikono miwili, akaling'oa lote na misumari yake. Akaenda la pili. Akang'oa. La tatu.

Na mchana ukaingia. Lakini mchana wa namna gani! Mawingu yalikuwa mazito, jua halikuonekana popote. Nuru ikajaa tu kanisani, nyeupe na tulivu, bila kutoka mahali. Kila uso ukaonekana. Wakili akapayuka, "Ndiyo hiyo! Ndiyo ya siku ya kwanza!" Kanisa zima likasema "Aaa!" kwa pamoja, na mimi nikalia pale pale mbele ya watoto wangu.

Baada ya hapo dunia ikaumbwa bila shida. Maji yakagawanyika, benchi halikuanguka. Miti ikaota. Jua likatoka siku ya nne kwa karatasi ya manjano, likazunguka mara mbili zaidi ya tulivyokubaliana kwa sababu ya kushangiliwa. Samaki na ndege walipatana. Adamu akalala, Hawa akaja, na Adamu hakuhitaji kusukumwa.

Mume wangu akasoma. Mfupa wa mifupa yangu, nyama ya nyama yangu. Nikamtazama. Nikaona kidole gumba kimekaa kwenye ukurasa, palepale. Kisha taratibu, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto, akafunga kitabu.

"Umeruka."

Ilikuwa sauti ya Mama mkwe. Hakupiga kelele.

"Mama?" akasema mume wangu.

"Umeruka mstari. Tangu mazoezini unauruka. Nikasema labda mbele ya wageni ataona haya. Rudi, usome. Maandiko hayarukwi."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka, na mume wangu hakucheka. Walitazamana wawili wale, mtu na mama yake, na kanisa likatulia polepole. Akafungua kitabu. Akausoma. Sauti ilimkatika kwenye neno "mama," akaanza upya, akaumaliza wote mpaka mwisho.

"Amina," akasema Mama mkwe. "Sasa rudia kwa sauti. Mwenye nyumba amekaa nyuma, sidhani kama amesikia."

Kule nyuma kofia kubwa ikainuka. "Nimesikia!" akaita mwenye nyumba. "Funguo ninazo hapahapa mkobani!"

Kanisa likavunjika kwa vicheko, Mchungaji akajifuta machozi kwa mkono wa joho, na Mama mkwe akageukia kwaya yake, akainua mikono, wakaimba kama bati litang'oka.

Jioni tulibaki sisi watatu tunakusanya mashuka meusi. Mume wangu ndiye aliyeanza. "Ulijuaje, Mama?"

"Mwanangu, ukuta haufiki juu."

"Lakini tulikuwa tunaongea wakati wa mvua," nikasema mimi.

"Mlikuwa mnapiga kelele wakati wa mvua, kama wapiga debe wa stendi. Bila mvua mnanong'ona, sisikii kitu. Mvua ikinyesha, napata habari zote."

"Na ule mkoromo?" nikauliza.

"Ulitaka nifanye nini? Nipige makofi?"

Tulicheka, kisha mume wangu akaacha kucheka. "Sikutaka kukuumiza," akasema.

"Kuhama hakukuniuma." Alikuwa anakunja shuka, hakuinua uso. "Kilichoniuma ni kwamba umeniona mtu wa kufichwa. Nimesubiri useme, wiki baada ya wiki. Kila mtoto niliyempokea, kitu cha kwanza nilimkata kitovu, nikamtenga na mama yake. Wewe pia, kuna mtu alikukata kwangu, nami nikalia, nikashukuru. Mtoto asipokatwa wanakufa wote wawili. Kile kitoto cha giza kimeliona hilo, wewe mwenye ndevu hujaliona."

Akamaliza kukunja, akaliweka shuka mikononi mwa mwanawe. Mume wangu akaliangusha chini, akamkumbatia mama yake. Mimi nikaokota shuka. Nilikuwa nalia tena, ndiyo, leo nimelia mara mbili na sijutii hata moja.

Jumatano, 29 Novemba

Tumehama. Mvua hakuna. Kuta zinafika juu! Nimezigusa zote.

Jumapili, 3 Desemba

Jua la kweli, tangu asubuhi. Mume wangu amelala, amechoka, siku ya mapumziko na anaitii kikamilifu. Nilikuwa nafagia ndani, nyuma ya mlango wetu wa kijani uliofungwa, nikasikia viatu vizito vinakuja, kisha vikasimama upande wa pili. Havikuingia. Nikasubiri.

"Hodi," akasema Mama mkwe.

Miezi yote ile kwake hakuwahi kunibishia hodi, na kwa nini abishe, ilikuwa nyumba yake. Nami sikuwahi kumwambia mtu karibu, kwa sababu hukaribishi watu pasipo pako. Nikasimama na ufagio mkononi, nikitabasamu peke yangu.

"Hodi, Bi Harusi! Au hii nyumba haina watu?"

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibu ndani."

Akaingia. Akatazama dari, akatazama kitanda na mwanawe anavyokoroma, mkoromo wa kweli huu. Akatazama sakafu niliyoifagia, kila kona. Nikaona mkono wake umeanza kuja kwenye ufagio. Ukafika nusu ya njia, ukasimama. Akaurudisha, akashika mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Pazuri," akasema, akavuta kiti, akakaa.